Koti la kwanza la mtoto mchanga: kitambaa kipi, saizi gani, na kwa nini lisiwe nene

Swali: Najua kushona foronya, mapazia na aproni kwa cherehani ya kawaida, lakini sijawahi kushona nguo ya mtoto. Kaka yangu na mkewe wanatarajia mtoto wao wa kwanza mwanzoni mwa miezi ya baridi, na ningependa kumshonea kikoti cha kumkinga. Nimenunua mita moja ya flisi nene, ambayo nilikusudia kuitumia nje na pia kama bitana, pamoja na vifungo vya mbao na kamba ya kukazia kofia. Niliposhona koti la majaribio kwa kufuata kiolezo, mikono ilitoka myembamba kiasi kwamba hata mwanasesere hakuvalika vizuri. Je, nichague saizi kubwa zaidi? Na nitajuaje kwamba koti litampa mtoto joto la kutosha?

Jibu: Ndugu msomaji, usiongeze saizi. Mikono ya koti lako imebana kwa sababu ya kitambaa, na hesabu yake ni nyepesi. Mkono wa nguo ni duara, na unene wa kitambaa hula nafasi ya ndani ya duara hilo pande zote mbili. Kila milimita 1 ya unene hupunguza mzunguko wa ndani kwa takriban milimita 6. Ikiwa flisi yako ina unene wa mm 4, nawe umeitumia nje na ndani, unene wote ni mm 8, na mkono uliokatwa uwe na mzunguko wa sm 18 kwa nje unabaki na sm 13 tu kwa ndani. Kwapani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pale mishono inapolaliana kunakuwa na tabaka sita za kitambaa kimoja kinene, na rundo hilo huusukuma mkono wa mtoto juu hata asiweze kuushusha. Ukiongeza saizi utapata mikono inayoingilika, lakini utapata pia shingo pana inayopitisha baridi na mabega yanayompanda mtoto usoni kila anapolazwa.

Ushauri wangu wote hapa chini unatokana na jambo moja. Nguo ya mtoto mchanga hupasha joto kwa hewa tulivu iliyonaswa kati ya tabaka nyembamba, na kwa jinsi inavyoufuata mwili bila kuubana. Kitambaa kinene huongeza joto kwa kiasi fulani, lakini hugharimu mambo matatu ambayo mzazi anayahitaji sana: wepesi wa kumvalisha mtoto, uhuru wa mtoto kukunja mikono na miguu, na uwezo wa kuongeza au kupunguza tabaka moja moja kadiri hali inavyobadilika. Kwa hiyo nitakuelekeza ushone koti jepesi lenye bitana ya pamba, linalopishana kifuani na kufungwa ubavuni, lisilo na kofia wala vifungo. Linaweza kushonwa na mtu mwenye ujuzi ulionao wewe, na ndilo ninalowashauri wengi waanze nalo.

Kwanza nikujibu kuhusu joto la kutosha, kwa kuwa hofu hiyo ndiyo iliyokupeleka kwenye flisi nene. Wataalamu wa afya ya watoto kwa kawaida hushauri kwamba mtoto mchanga avae tabaka moja zaidi ya lile ambalo mtu mzima angeridhika nalo mahali hapo hapo. Tabaka moja zaidi, basi. Joto kupita kiasi wakati wa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na mtoto wa wiki chache hana uwezo wa kujifunua wala wa kusema kwamba anaungua. Ndiyo maana koti hili ni la kutokea nje na la saa za kuwa macho. Mtoto anapoingizwa ndani penye joto, au anapolazwa, livuliwe. Waambie wazazi wapime joto lake kwa kugusa kifua au nyuma ya shingo. Viganja na nyayo za mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata pale mwili wake unapokuwa na joto zuri, na wengi hudanganyika hapo wakamwongezea nguo asizozihitaji. Ngozi ya shingo ikiwa na unyevu wa jasho, amezidishiwa.

Kuna sababu nyingine ya kuepuka unene, nayo inawahusu wanaosafiri na mtoto garini. Koti lililojaa hewa humfanya mzazi afikiri kwamba mikanda ya kiti cha mtoto imekaza vizuri, kumbe imebana koti. Gari likigonga, kitambaa hubonyea na mikanda ikabaki imelegea mwilini. Mtoto afungwe mikanda akiwa na nguo nyembamba, kisha blanketi au koti liwekwe juu ya mikanda.

Sasa kitambaa. Kwa upande wa nje chagua flaneli ya pamba iliyochambuliwa manyoya kidogo juu, isiyo nzito. Kwa bitana chagua melimeli ya tabaka mbili au pamba nyingine laini iliyofumwa, nyepesi kuliko flaneli. Manyoya mafupi ya flaneli hunasa hewa, na nafasi kati ya vitambaa hivyo viwili hunasa nyingine, kwa hiyo unapata joto ambalo kila kimoja peke yake kisingeweza kulitoa. Pamba ina sifa nyingine iliyo muhimu mno kwa mwili mdogo: hupokea unyevu. Katika hewa ya kawaida nyuzi za pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8.5 ya uzito wake, ilhali nyuzi za poliesta, ambazo ndizo hufanyiza flisi nyingi, hubeba takriban asilimia 0.4 tu. Mtoto akitoka jasho ndani ya flisi iliyogusana na ngozi yake, jasho hilo hubaki juu ya ngozi, na akitolewa nje humgeukia kuwa baridi. Sufu nyembamba ya kondoo ingekuwa bora zaidi ya pamba kwa kazi hii, maana hupokea unyevu mwingi na bado hupasha joto, lakini inataka ufuaji wa uangalifu ambao wazazi wenye mtoto wa kwanza huenda wasiupatie nafasi. Mimi singewatwisha mzigo huo.

Neno moja la tahadhari kuhusu flaneli: manyoya yake hushika moto upesi kuliko pamba laini ya kawaida, na flisi ya poliesta nayo huyeyuka na kugandamana na ngozi inapoungua. Nguo yoyote kati ya hizi iwekwe mbali na moto wa wazi na vipasha joto vyenye waya mwekundu.

Utahitaji sm 80 za kila kitambaa chenye upana wa sm 110. Usikate chochote kabla ya kufua. Fua vitambaa vyote viwili kwa namna ile ile vitakavyofuliwa baadaye, kwa maji ya joto lile lile na kwa sabuni isiyo na manukato, uvikaushe na kuvipiga pasi. Flaneli inaweza kunywea kwa asilimia 5 au zaidi katika ufuaji wa kwanza, na bitana yako haitanywea kwa kiasi hicho hicho. Ukishona bila kufua, koti lenye urefu wa sm 28 litapungua kwa zaidi ya sm 1 upande wa nje huku bitana ikibaki ndefu na kuchungulia chini ya pindo. Hakuna pasi itakayorekebisha hilo. Kama flaneli ina rangi iliyoiva, isugue kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kuikata. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, ifue tena mpaka iache kutoka, au utafute nyingine. Usitumie dawa ya kulainishia nguo, kwani huacha utando juu ya nyuzi na kupunguza uwezo wa pamba kunyonya unyevu.

Kabla hatujafika kwenye vipimo nataka uelewe kwa nini nasisitiza koti linalofunguka lote mbele. Kichwa cha mtoto anayezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa takriban sm 34 au 35, na kifua chake huwa kidogo kuliko kichwa kwa karibu sm 2. Mwili wa namna hiyo haufanani na wa mtu mzima aliyepunguzwa. Nguo ya kuvalishwa kupitia kichwani itahitaji tundu kubwa kuliko kifua chenyewe, kisha itafutiwe njia ya kulifunga tundu hilo. Na wakati wote huo shingo ya mtoto haijaweza kukibeba kichwa chake. Koti la kupishana huwekwa wazi juu ya kitanda, mtoto akalazwa juu yake, mikono ikaingizwa mmoja mmoja, na badani za mbele zikafunikwa juu ya kifua bila kichwa kuguswa. Faida ya pili ni kwamba mpishano huongezeka au kupungua kulingana na mwili. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa takriban sm 50, na kufikia miezi 3 huwa karibu na sm 60. Nguo ya vifungo vya katikati inafaa kwa sehemu ndogo tu ya kipindi hicho, ilhali mpishano mpana hukifuata chote.

Shona basi kwa vipimo vya mtoto wa miezi 3, ambavyo katika saizi za Ulaya zinazofuata urefu wa mtoto huandikwa 62. Vipimo ninavyokupa ni vya nguo iliyokamilika, nawe utaongeza sm 1 ya mshono kila upande, isipokuwa katikati ya mgongo ambapo kiolezo kinakaa kwenye kunjo la kitambaa. Chora mstari wa wima utakaokuwa katikati ya mgongo. Kutoka juu yake chora mstari mlalo wa sm 29, ambao ni bega na mkono kwa pamoja, kwa sababu koti hili halina mshono wa kuunganisha mkono na bega. Sm 6 za kwanza za mstari huo ni nusu ya shingo. Kwa nyuma shingo hushushwa sm 1.5 tu. Nusu ya badani ina upana wa sm 13, na urefu kutoka begani hadi pindo ni sm 28. Mkono una upana wa sm 9 kwenye kiganja, ukiwa umelazwa bapa, na sm 11 unapokutana na ubavu. Kona ya kwapa usiiache ikiwa kali. Izungushe kwa mkunjo laini wenye nusu kipenyo cha sm 3 hivi, maana kona kali ndiyo inayochanika kwanza kila mara mtoto anapovalishwa.

Badani ya mbele huanza kama nusu ile ile ya nyuma, kisha huvuka mstari wa katikati kwa sm 10. Weka alama kwenye ukingo huo wa mpishano, sm 15 chini ya usawa wa bega, uiunganishe na ncha ya shingo begani kwa mstari wa mshazari uliopinda ndani kidogo sana. Kutoka alama hiyo shuka wima hadi chini, na kona ya chini uizungushe kwa kufuata mdomo wa kikombe, kwa kuwa kona ya duara hugeuzwa kwa urahisi kuliko ya mraba. Utakata mbili zinazotazamana. Badani hizo zikilaliana juu ya kifua, mishazari hukutana takriban sm 5 au 6 chini ya usawa wa bega, na hivyo kifua hufunikwa vizuri bila kitambaa kufika kidevuni. Mzunguko wote wa kifua cha koti ni sm 52. Kifua cha mtoto wa miezi 3 ni karibu sm 40, na tofauti hiyo ya sm 12 inatosha fulana na suti ya ndani.

Mbona nimeiacha kofia? Mtoto wa umri huu hukaa akiwa amelala chali au ameegeshwa kifuani mwa mzazi. Kofia iliyoshonewa kwenye koti hujikunja nyuma ya shingo na kukisukuma kidevu kuelekea kifuani, jambo ambalo linaweza kuziba njia ya hewa, au huteleza na kumfunika uso. Kamba ya kukazia ni hatari zaidi. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za kukazia kwenye kofia wala shingoni mwa nguo za watoto walio chini ya miaka 7, na sababu yake ni kukabwa. Mshonee kofia ndogo ya peke yake, isiyo na kamba, ya kuvaliwa nje na kuvuliwa ndani.

Vifungo vya mbao ulivyonunua ni vizuri, lakini uvihifadhi kwa nguo ya mtu mkubwa. Kifungo huning'inia kwenye uzi, uzi hulika kwa kufuliwa, na kitu kidogo kinachotoka kwenye nguo ya mtoto huishia mdomoni. Nchini Marekani vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa mcheduara, yaani chombo chenye umbo la mkebe, wenye kipenyo cha mm 31.7, kitu kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto, na kifungo cha kawaida cha koti huingia bila shida. Isitoshe, kifungo kigumu kifuani humuumiza mtoto anapobebwa au anapolazwa kwa tumbo akiwa macho. Tumia vifungio vya kitambaa vinne, kila kimoja kikiwa na urefu wa sm 15 na upana wa sm 1, vilivyobanwa ndani ya mishono. Urefu huo ni mfupi kwa makusudi. Ukingo wa mpishano unafika sm 3 tu kutoka ubavuni, kwa hiyo vifungio havina safari ndefu ya kukutana, na kilicho kirefu kuliko hapo hakina kazi ila kujizungusha.

Unapokata, hakikisha mtande wa kitambaa, yaani nyuzi zake za urefu, unafuata urefu wa badani, yaani unaenda sambamba na katikati ya mgongo. Sehemu iliyokatwa kwa mshazari pale kifuani itakuwa hanamu, nayo hunyumbuka kwa kuguswa tu. Koti nyingi za wanaoanza huishia na kifua kilicholegea na kupiga mawimbi kwa sababu hiyo moja. Kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote, pitisha mshono mmoja wa cherehani kwenye mishazari yote minne, ya nje na ya bitana, mm 5 kutoka ukingoni, ukiielekeza sindano kutoka begani kwenda chini bila kuvuta kitambaa. Mshono huo utabaki ndani milele, hautaonekana, na utaishikilia hanamu. Kisha linganisha kila kipande na kiolezo tena. Kilichonyumbuka kirudishe kwa pasi ya mvuke kwa kugandamiza, usikisukume.

Sindano namba 80/12 inafaa kwa vitambaa hivi, pamoja na uzi wa poliesta na urefu wa mshono wa mm 2.5. Flaneli humwaga vumbi la nyuzi, kwa hiyo fungua sehemu ya bobini uisafishe unapomaliza kukata na kuunganisha, hasa ukisikia cherehani imebadilisha sauti.

Tengeneza vifungio kwanza: kata vipande vya sm 4 kwa sm 17, ukunje ncha moja ndani, kunja kingo mbili zikutane katikati, kunja tena katikati, halafu shona karibu na ukingo na upite kwenye ncha iliyokunjwa. Kisha unganisha koti la nje. Laza badani ya nyuma na za mbele uso kwa uso, shona mabega hadi mwisho wa mikono, piga pasi ufungue mshono, halafu shona mstari mmoja unaoanza mwishoni mwa mkono, ukapita kwapani, ukashuka ubavuni. Katika ubavu mmoja, sm 15 chini ya bega, ingiza kifungio kimoja katikati ya tabaka mbili, kikielekea ndani na ncha yake mbichi ikiwa imechungulia kidogo nje ya mshono. Pita kwapani mara mbili, kisha chanja mkunjo kwa mkasi wenye ncha kali, ukiachia mm 2 kabla ya mshono. Bila kuchanja, kwapa litakunjamana hata kama umeshona vizuri kabisa.

Bitana hushonwa kwa njia hiyo hiyo, kwa tofauti mbili. Kifungio chake huingizwa kwenye ubavu ulio kinyume na ule wa koti la nje, na kielekee mahali ambapo baada ya kugeuza kitatokea ndani ya koti. Na katika ubavu wake mwingine uache pengo la sm 10 lisiloshonwa, ambalo utalitumia kugeuzia. Nakusihi ulipe jambo la vifungio muda wako. Kabla ya kushona, valisha vipande viwili juu ya meza kama vitakavyokaa, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwenye vifungio vyote vinne, vikiwemo viwili vya pembe za mpishano pale ulipoweka alama ya sm 15, na uhakikishe kwamba badani ya chini inafungwa kwa ndani upande mmoja na badani ya juu inafungwa kwa nje upande wa pili. Kufumua bandi ni kazi ndogo.

Sasa laza koti na bitana uso kwa uso, ukilinganisha mabega na mbavu, na vifungio vya pembe vikiwa katikati. Anza katikati ya shingo ya nyuma, shona kwa kuzunguka mshazari, pembe ya kifungio, ukingo wa mbele, kona ya duara, pindo la chini, mpaka urudi ulikoanza, mikono ikiwa imeachwa wazi. Punguza nafasi ya mshono ibaki mm 5 hivi, chanja shingo na kona, kisha geuza kupitia pengo. Piga pasi ukingo wote ukiivuta bitana kwa ndani kidogo ili isichungulie. Ingiza mikono ya bitana ndani ya mikono ya koti na utazame kwa makini kwamba haikujisokota, kwa kufuata mshono wa kwapa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kunja ncha zote mbili ndani kwa sm 1 zikitazamana, uzishone kwa mkono kwa mishono midogo iliyofichika. Cherehani haiingii vizuri kwenye tundu dogo namna hiyo, na kulazimisha huharibu kazi nzuri yote iliyotangulia. Ziba pengo, halafu zungusha mshono wa juu mm 5 kutoka ukingoni. Mwisho wa mikono ukunjwe nje kwa sm 3. Mtoto akikua hukunjuliwa.

Huenda umegundua kwamba katika ushonaji huu kingo zote mbichi zimebaki kati ya nje na bitana. Huo ndio uzuri wake mkuu kwa mtoto mchanga. Ngozi haigusani na mshono hata mmoja ulio wazi, na ukitaka kudarizi kitu upande wa nje kabla ya kuunganisha, mafundo ya nyuma ya darizi yatafunikwa pia. Lakini bado kagua. Geuza koti ndani nje, upitishe kidole ndani ya kila mkono, na ukate kila uzi uliolegea, kwa kuwa uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu bila mzazi kujua kwa nini analia. Hesabu pini zako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Vuta kila kifungio kwa nguvu zako zote. Kinachotoka mkononi mwako sasa kisingedumu kwa mtoto. Fua koti mara moja zaidi kabla ya kulifunga zawadi, liondokewe na vumbi la nyuzi na alama za chaki.

Na flisi yako isipotee. Inafaa sana kwa kizibao kisicho na mikono, cha tabaka moja, kwa mtoto wa miezi 6 au zaidi anayekaa mwenyewe, kivaliwe juu ya nguo ya pamba na si juu ya ngozi. Flisi haichomoki nyuzi, kwa hiyo haihitaji bitana wala pindo. Kata kizibao kinachofunguka mbele, uzungushie ukanda wa hanamu wa pamba kwenye shingo na matundu ya mikono, na ukilaze kiolezo ili upande unaonyumbuka zaidi uzunguke kifua. Tumia mshono wa kwenda mshazari huku na huku (zigizaga), mwembamba sana, upana wa mm 0.5 na urefu wa mm 3, usivute, na usiiguse kwa pasi ya moto kwa sababu itayeyuka. Kwa kufungia, weka vifungo vya plastiki vya kubonyeza vinavyobanwa kwa koleo lake, kila kimoja kikiwa kimeshika ukingo wa mbele uliokunjwa uwe tabaka mbili za flisi na kipande cha pamba imara katikati ili kisiing'oe flisi kinapofunguliwa. Kwa kizibao hicho, ukubwa wa kifua uliokamilika uwe sm 56 na urefu kutoka begani sm 30, na mita yako moja itakutosha na kubaki.